Jinsi ya kupata na kuendesha utafiti wa uzamili kwenye ikolojia ya wanyamapori na afya ya mazingira

Wahitimu wengi wa usimamizi wa wanyamapori, tiba ya mifugo, sayansi ya mazingira au biolojia wakitaka kusoma uzamili huanza na chuo. Wanajaza fomu, wanalipa ada ya maombi, wanapata barua ya udahili, na hapo ndipo wanapoanza kujiuliza watatafiti nini na kwa fedha ya nani. Kwenye fani hii utaratibu huo hula mwaka mzima. Vibali vya kuingia hifadhini vina kalenda yake, mvua zina yake, wafadhili nao wana yao, na hakuna kati ya hizo inayosubiri muhula. Wanaomaliza kwa wakati kwa kawaida ni wale waliojua mapema watapima kitu gani, wapi, na kwa ruhusa ya nani, ndipo wakatafuta chuo na fedha.

Maelezo haya yanafuata mpangilio huo. Mfano mkuu ni Tanzania, na utafiti tutakaourudia mara kwa mara ni wa panya na homa ya mgunda, kwa sababu mwanafunzi mmoja anaweza kuukamilisha bila helikopta, bila daktari wa kumlaza simba usingizi, na bila kuishi porini miaka mitatu.

Kitu cha kupima

Wanyamapori na afya ya mazingira vilikutana kwenye magonjwa muda mrefu kabla vyuo havijaviweka darasa moja. Ng'ombe waliokuwa wakichungwa kandokando ya Serengeti walipochanjwa dhidi ya sotoka, nyumbu waliacha kufa kwa ugonjwa huo, wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1994 kirusi cha distemper, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa mbwa, kiliangamiza karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Julai 2022 homa ya mgunda ilitangazwa Ruangwa mkoani Lindi, na Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukathibitishwa Bukoba. Matukio kama haya huacha nyuma maswali ambayo hospitali peke yake haiwezi kuyajibu, wala hifadhi peke yake. Hapo ndipo penye nafasi za utafiti, na serikali na wafadhili huziita kwa jina la Afya Moja, yaani afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kwa pamoja.

Kosa la kwanza ni swali pana kupita kiasi. "Athari za shughuli za binadamu kwa wanyamapori wa Ruaha" halina mwisho. Hujui utapima nini kesho asubuhi. Linganisha na hili: je, panya wanaokamatwa ndani ya nyumba na wanaokamatwa kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero wanabeba vimelea vya leptospira, yaani bakteria wa homa ya mgunda, kwa kiwango tofauti? Hapa unajua mnyama, mahali, kipimo na ulinganisho. Zaidi ya hayo, unaweza kupiga hesabu.

Ipige kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Tuseme unakisia kuwa wa nyumbani wanabeba kwa asilimia 10 na wa shambani kwa asilimia 25. Ili uione tofauti hiyo kwa kiwango cha kawaida cha uhakika, yaani asilimia 95, na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua, unahitaji panya wapatao 100 kila upande, jumla 200. Ukiwa na mitego 100 na ukamataji wa asilimia 10, unapata panya 10 kwa usiku, hivyo usiku 20. Ukamataji ukishuka hadi asilimia 5, ambalo ni jambo la kawaida kabisa, unahitaji usiku 40. Tofauti ya siku 20 za kukaa kijijini ni posho, mafuta na chakula, na ndiyo inayoua bajeti nyingi. Kama swali lako ni kujua tu iwapo ugonjwa upo, hesabu ni nyepesi zaidi: ugonjwa uliomo kwa asilimia 10 utaugundua kwa uhakika wa asilimia 95 ukipima wanyama wapatao 30, wa asilimia 5, wapatao 60, wa asilimia 1, wapatao 300.

Kuna jambo wanafunzi hulisahau na wasahihishaji hulikamata. Panya 200 kutoka nyumba 10 si panya 200. Panya wa nyumba moja wanaambukizana, kwa hiyo wanafanana. Tawanya mitego kwenye nyumba nyingi, michache kwa kila nyumba, na kwenye uchambuzi tumia modeli inayoitambua nyumba kama kundi. Ukilifikiria hili baada ya kutoka uwandani umechelewa.

Kabla ya kupanga kumkamata mnyama hata mmoja, uliza kilichomo tayari kwenye friza na kwenye kompyuta. Hii ndiyo nafasi inayopuuzwa kuliko zote. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro kina kiwanja cha panya cha hekta 3 chenye vituo 300 vya mitego, kila kimoja mita 10 kutoka kingine, kinachotegwa usiku tatu mfululizo kila mwezi tangu 1994. Misitu ya Udzungwa imekuwa na kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zinazowekwa kwa utaratibu uleule tangu 2009. Sokwe wa Gombe wanafuatiliwa tangu 1960, simba wa Serengeti tangu 1966. Miradi ya namna hii ina data na sampuli ambazo hazijachambuliwa zote. Mwanafunzi asiye na fedha za uwandani anaweza kutengeneza tasnifu nzuri kwa kuuliza swali jipya juu ya data ya zamani, akatumia fedha kidogo alizonazo kwa vipimo vya maabara tu, kama PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kimelea.

Msimamizi kabla ya chuo

Tanzania, sehemu za kuanzia ni SUA, ambako kuna ndaki ya tiba ya mifugo, idara ya wanyamapori, kituo cha utafiti wa panya na taasisi ya SACIDS ya Afya Moja. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na inayofundisha ngazi za uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Muhimbili kwa anayeelekea zaidi kwenye afya ya mazingira na ya mahali pa kazi. Majirani wana Makerere yenye ndaki kubwa ya tiba ya wanyama na Chuo Kikuu cha Nairobi. Vyuo vingi vya Tanzania hudai GPA isiyopungua 2.7 kwa uzamili. Ukiwa nayo, jina la chuo halina uzito kama la msimamizi. Mtafute kwa makala zake za miaka mitano ya karibuni, uone anafanya kazi wapi na nani anamfadhili, maana wafadhili hutajwa mwishoni mwa kila makala.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi na ibebe hesabu yako. Kitu kama hiki:

"Profesa, shikamoo. Nimehitimu shahada ya usimamizi wa wanyamapori mwaka jana, GPA 3.6. Nimesoma makala yako kuhusu panya wa mashamba ya mpunga, na nimeona kuwa panya wa majumbani hawakupimwa. Ningependa kulinganisha makundi hayo mawili kwa leptospira. Kwa hesabu zangu ninahitaji panya 200, yaani usiku 20 hadi 40 wa mitego 100. Mitego naweza kuazima. Sina fedha za vipimo vya PCR. Je, kuna mradi au sampuli zilizopo ninazoweza kuanzia? Nimeambatisha andiko la ukurasa mmoja na matokeo yangu ya chuo. Naomba ushauri wako, Profesa."

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja. Ukikosa tena jibu na uko karibu, nenda ofisini kwake asubuhi. Maprofesa wetu wengi hujibu mtu aliyesimama mlangoni kwa heshima kuliko barua ya 300 kwenye simu. Usitume ujumbe mmoja kwa wasimamizi kumi kwa pamoja. Wanafahamiana.

Akikukubali, zungumza na wanafunzi wake wawili au watatu bila yeye kuwepo. Waulize wangapi wamemaliza ndani ya miaka miwili, rasimu ya sura hukaa kwake muda gani, gari la mradi hupatikana kwa utaratibu gani, na jina la nani hutangulia kwenye makala. Mambo ya umiliki wa data na mpangilio wa majina yaandikwe mapema, hata kwa barua pepe ya mistari mitano. Ugomvi wa kitu hiki hutokea mwishoni, mwanafunzi akiwa hana tena nguvu ya kujitetea.

Fedha

Tenganisha mifuko mitatu: ada, kujikimu, na gharama za utafiti. Ufadhili mwingi hulipa miwili ya kwanza, na wa tatu huachwa kama kiasi kidogo kisichotosha. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusomea ndani ya nchi au ukanda wetu kupitia vyuo shirikishi, na ina kozi za uzamili za Ujerumani zinazohusu maendeleo. Hizo za pili hudai angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada yenyewe isizidi miaka sita. Jumuiya ya Madola na Chevening ni za Uingereza. Chevening nayo hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Kwa mfuko wa tatu, wakfu wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, ila haulipi ada, na andiko lisilo na faida ya wazi kwa uhifadhi halipiti. IDEA WILD hutoa vifaa badala ya fedha: kamera, GPS, darubini za macho mawili. Kwa mwanafunzi aliye na msimamizi lakini hana vifaa, hiyo inatosha kuanzia.

Marekani inafuata utaratibu wake. Huko uzamili na uzamivu wa ikolojia mara nyingi ni ajira: profesa mwenye fedha za mradi anamtafuta mwanafunzi, anamlipa mshahara mdogo wa msaidizi wa utafiti, na ada inasamehewa. Nafasi hutangazwa kwenye mbao za kazi kama ule wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, na barua kwa profesa hutangulia fomu ya chuo. Anayetaka kuanza Agosti aandike kati ya Agosti na Oktoba ya mwaka uliotangulia, maana fomu nyingi hufungwa Desemba na Januari. Omba chuo chako barua inayothibitisha kuwa ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo huikubali badala ya mtihani wa lugha, nawe unaokoa fedha nyingi.

Unapoandika bajeti, anza na siku za uwandani na vipimo vya maabara, si na vifaa. Kwa panya 200: vichupa 600 vya mililita 2, maana kila mnyama atatoa angalau sampuli tatu, ithanoli ya asilimia 96 lita 5, glavu jozi 500, barakoa za N95 zisizopungua 60. Halafu ongeza asilimia 10 ya vipimo, kwa kuwa baadhi ya PCR zitafeli na utarudia. Usisahau posho ya mwenyekiti wa kitongoji anayekuongoza nyumba kwa nyumba. Bila yeye hufunguliwi mlango.

Vibali, kwa kuhesabu kurudi nyuma

Chukua tarehe unayotaka kutega mtego wa kwanza, rudi nyuma miezi sita, na hiyo ndiyo siku ambayo andiko lako liwe limepitishwa na chuo. Kabla ya kuhesabu, angalia mvua. Morogoro, panya shamba huanza kuzaana baada ya mvua za masika, na idadi yao hufika juu mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kubwa. Anayepata kibali Februari na kuanza kutega Aprili atakuta panya wachache na barabara za matope.

Kwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania, mlolongo ni huu. Andiko linapita kamati ya uzamili na kamati ya maadili ya wanyama ya chuo. Makamu Mkuu wa Chuo anatoa barua ya utafiti, mamlaka aliyopewa na serikali kwa ajili ya watumishi na wanafunzi wake. Utafiti ukigusa wanyamapori, andiko linakwenda TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iliyoko Arusha, inayosajili na kuratibu tafiti zote za wanyamapori nchini. Kisha unapata ruhusa ya mwenye eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, Mamlaka ya Ngorongoro kwa Ngorongoro, TAWA kwa mapori ya akiba. Ukihoji watu kuhusu afya au kuchukua damu yao, unahitaji idhini ya maadili ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Mwisho unashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Kila ngazi huandika barua kwa ya chini yake, na ukiruka moja utarudishwa. Mgeni, na hata Mtanzania anayesoma chuo cha nje, hupitia pia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Kenya, leseni ni ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia, na mambo ya wanyamapori yako chini ya WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha, pamoja na KWS, shirika la wanyamapori. Uganda ni UNCST, baraza la sayansi na teknolojia, na UWA, mamlaka ya wanyamapori. Wenye kazi mashariki mwa Kongo waanze na ICCN, taasisi ya uhifadhi ya nchi hiyo.

Mambo yanayokwamisha ni madogo, na yanazuilika. Kichwa cha andiko kwenye barua ya chuo kinatofautiana kwa neno moja na kile cha kibali. Majina ya wasaidizi na namba ya gari hayamo, askari wa getini anakataa, na yuko sahihi. Kibali kinasema "kinyesi" nawe umekuja na sindano za damu. Andika aina zote za sampuli, idadi ya juu kabisa, na maeneo yote, hata yale ya akiba. Droni ina ruhusa yake ya mamlaka ya usafiri wa anga, mbali na ya hifadhi.

Kama vipimo vitafanyika nje ya nchi, anza mkataba wa kuhamisha sampuli siku ileile unapoomba kibali cha utafiti. Spishi zilizo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kuanzia simba hadi tembo, zinahitaji kibali cha CITES hata kwa unywele au tone la damu. Mara nyingi ni rahisi zaidi, na haki zaidi kwa nchi, kufanya PCR Morogoro au Arusha na kutuma nje DNA chache tu zinazohitaji kusomwa mfuatano wake.

Uwandani: mtego na kichupa

Mtego wa Sherman ni sanduku jembamba la bati jepesi lenye mlango unaojifunga. Panga mistari ya mitego 10, kila mmoja mita 10 kutoka mwingine. Tega saa kumi jioni. Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa dona, kidonge cha ukubwa wa ncha ya kidole kidogo. Ndani ya nyumba ongeza dagaa. Bonyeza kanyagio kwa kidole uone mlango unafunga kwa wepesi: kanyagio zito huwaacha panya wachanga wakila na kuondoka, na sampuli yako inakuwa ya wazee watupu.

Kagua saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapiga bati. Mtego uliofungwa ushike wima, mlango juu, usikilize. Mfuko wa kitambaa uvishe mdomoni mwa mtego, fungua, geuza. Panya huteremka gizani mwenyewe. Pima uzito akiwa ndani ya mfuko, kisha toa uzito wa mfuko. Ukikuta mfupa na manyoya mtegoni, siafu wamepita usiku. Hamisha mstari wote mita 50, na usitege palepale hata kama hao siafu huwaoni mchana. Lushoto, Mbulu na nyanda za Ngorongoro weka pamba ndani ya mtego, vinginevyo baridi itaua panya kabla hujafika.

Andika pia mitego isiyokamata kitu. Mtego uliofungwa bila mnyama uhesabu kama nusu usiku, maana kwa wastani ulifungwa katikati ya usiku. Wasioandika hivyo hushindwa kulinganisha kijiji na kijiji.

Kwa leptospira, kiungo ni figo. Mnyama hulazwa usingizi kwa dawa ya isoflureni na kuuawa kwa njia iliyoandikwa kwenye idhini yako ya maadili, si nyingine. Kata kipande chembamba chini ya milimita 5, kitumbukize kwenye ithanoli ya asilimia 96 iliyo mara tano hadi kumi ya ujazo wa kipande. Kipande kinene huoza katikati huku nje kikionekana kizuri. Usitumie fomalini kwa sampuli unayotaka kuipima DNA. Fomalini huhifadhi umbo na kuharibu DNA. Inafaa kwa mayai ya minyoo na kwa vipande vya darubini. Kosa hili limewagharimu wanafunzi msimu mzima, kwa kuwa huligundui mpaka uko maabara.

Sasa lebo. Kalamu ya maka huonekana imara, lakini tone moja la ithanoli likivuja kwenye kifuniko, namba inafutika yote, na ukiwa na vichupa 40 visivyo na namba ndani ya sanduku moja hakuna njia ya kuviokoa. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, kitie ndani ya kichupa pamoja na kipande, kisha andika tena nje na juu ya kifuniko. Tumia namba moja isiyojirudia kwa kila mnyama, na herufi za mwisho kwa aina ya sampuli, ili F iwe figo na D iwe damu. Jioni ileile piga picha ukurasa wa daftari. Jina la spishi uliache wazi: panya shamba kadhaa hawatofautishiki kwa macho, na jibu la kweli litatoka kwenye DNA.

Kwa anayefanya kinyesi cha wanyama wakubwa, kipimo cha McMaster cha kuhesabu mayai ya minyoo hakihitaji umeme mwingi: gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, chuja, jaza vyumba viwili vya kioo, hesabu mayai yote na zidisha kwa 50 kupata mayai kwa gramu. Kinyesi kiwe cha asubuhi hiyo. Cha jana mayai yameanza kuanguliwa, na hesabu itashuka bila sababu ya kweli.

Wanaotafiti sumu wana mtego mwingine. Maji ya kupima metali yatiwe asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo metali hujishikiza kwenye kuta za chupa. Zebaki, ambayo ndiyo swali kubwa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Chunya, haihifadhiwi kwenye chupa ya plastiki ya kawaida. Tumia ya kioo au ya Teflon. Maji ya kupima viuatilifu yakae kwenye chupa ya kioo cha kahawia, nyuzi 4, na viuatilifu vitenganishwe na maji maabara ndani ya siku 7. Kila safari beba chupa moja ya maji safi ya maabara, ifungue na kuifunga palepale unapochukua sampuli. Ikionyesha zebaki, uchafu ni wako, si wa mto.

Kamera za mtego zielekezwe kaskazini au kusini ili jua lisizipige usoni, ziwekwe nusu mita kutoka ardhini, na nyasi zikatwe mita 3 mbele. Weka tarehe na saa kwa kila kamera, kisha ipige picha saa ya simu yako kama picha ya kwanza. Kamera ambayo saa yake imewekwa ya mchana badala ya usiku itakuambia kuwa fisi hutembea saa sita adhuhuri. Kwa hesabu za mistari ya kutembea, yaani kufuata mstari uliopangwa ukihesabu wanyama unaowaona, lenga kuona makundi 60 hadi 80 ya kila spishi. Chini ya hapo makadirio ya wingi hayashikiki.

Kujilinda

Glavu mbili, barakoa ya N95 na miwani unapompasua panya, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni mwako. Anayeshika popo au wanyama wanaokula nyama achanjwe kichaa cha mbwa kabla. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Usiingie pango la popo kwa shauku tu: popo wala-matunda wa mapangoni ndio hifadhi ya kirusi cha Marburg. Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya kazi, mwambie daktari ulikuwa unashika panya. Malaria itapimwa kwanza, na ni sawa. Lakini leptospira haifikiriwi mgonjwa asipoitaja kazi yake.

Baada ya mtego wa mwisho

TAWIRI hudai ripoti za maendeleo na ripoti ya mwisho, na anayechelewesha hupata shida kuhuisha kibali. Kila baada ya miaka miwili huandaa kongamano la kisayansi, kwa kawaida Desemba, Arusha; muhtasari wa matokeo ya uzamili unakubalika pale, na wasimamizi wa uzamivu hukaa kwenye viti vya mbele. Kwa uzamivu, vyuo vingi hutaka makala zilizochapishwa au kukubaliwa kabla ya kutunuku shahada, kwa hiyo sura ya kwanza iandikwe kama makala tangu mwanzo.

Rudi kijijini. Uliwaahidi wenye nyumba majibu ulipoomba kuingia vyumbani mwao, na jibu linatosha kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili: panya wangapi walipimwa, wangapi walikuwa na vimelea, na nini cha kufanya kuhusu ndoo za maji zisizofunikwa na miguu isiyo na viatu kwenye majaruba. Msomee mwenyekiti kwanza, kisha mkutano wa kijiji, na nakala moja ibandikwe zahanati. Orodha ya vichupa vilivyobaki, friza iliyomo na rafu yake, mwachie msimamizi na mtunza maabara, kila mmoja nakala yake.